Nati ya Nne

Jumatatu, 3 Juni
Injini imekamilika! Imebaki nati moja. Miaka tisa juu ya meza ya chakula, na leo treni yangu ndogo ya mvuke inang'aa kijani, bomba la moshi limesimama wima. Bomba ndilo nililolifunga kwanza kabisa, maana ndilo zuri. Nati za kushikilia silinda ni nne, chini yake, nyuma ya gurudumu. Tatu zimekubali. Ya nne haifikiki, si kwa spana, si kwa kidole. Nikakaa, nikaota: Jumamosi, siku ya klabu yetu ya treni ndogo, zile zenye nguvu ya kuvuta watu, mke wangu Doreen amekaa kwenye kigari cha nyuma na kofia yake ya buluu, tunalizunguka bwawa polepole, mvuke unamgusa shavu. Chai ikapoa. Doreen amesema Jumamosi isipotembea, atampa Bwana Thorogood wa klabuni aimalizie. Thorogood!

Jumanne, 4 Juni
Mpango: jamu ya machungwa. Nimeibandika nati kwenye ncha ya kidole kwa jamu, nikapenyeza. Kidole kimeingia. Kutoka kimekataa. Saa nzima nimepiga magoti mbele ya meza, nikisikiliza mvua, nikiwaza reli zinavyokwenda bila haraka. Si vibaya. Doreen akanitoa kwa siagi, akauliza kesho mkate tutaupaka nini. Nati iko kwenye zulia.

Jumatano, 5 Juni
Klabuni. Thorogood ana spana iliyopinda kama shingo ya bata, aliyoichonga mwenyewe. Hamwazimi mtu. Hapa kila mmoja hujichongea yake. Nikamsifia nyanya zake mpaka akaenda garini kuniletea mbili. Spana ikahamia mfukoni mwangu. Nyanya kweli zilikuwa tamu.

Alhamisi, 6 Juni
Haiingii! Nene mno. Imechongwa kwa ajili ya nati moja tu duniani, na nati hiyo iko kwa Thorogood. Nikaenda kuirudisha, nikidai nimeiokota. Akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo iliniuma kuliko tusi.

"Wilf, ndugu yangu," alisema, "toa bomba, igeuze juu chini, toa gurudumu. Nati utaiona peupe."

Nitoe bomba langu! Huo ni wivu tu.

Jumamosi, 8 Juni
Ijumaa nzima nilichora spana mpya kwenye karatasi. Michoro mizuri sana. Spana, hakuna. Asubuhi nikashuka nikiwa nimekata tamaa, nikakuta injini imelala chali juu ya mto wa kitandani, bomba pembeni, Doreen anajifuta grisi kwa aproni. Nati ya nne imekazwa. Dakika kumi tu, amesema.

"Ile kofia sikuinunua nimvalie Thorogood."

Tumelizunguka bwawa mara sita. Mvuke ulimgusa shavu, vilevile nilivyoota. Nikalia kidogo, nikasingizia moshi.

Jumapili, 9 Juni
Nimetafakari vizuri. Kilichotusaidia ni jamu: ililainisha nyuzi za boliti. Nimeanza injini ya pili, kubwa zaidi. Bomba la moshi nimeshalifunga. Linapendeza mno pale mezani. Doreen amelitazama, kisha akaenda kuificha jamu.