Namna Nilivyomkomesha Mpwa Wangu Kung'ata

Jumatatu, 3 Machi
Mpwa wangu kang'ata tena. Safari hii sikio la mwenzake, huko chekechea. Mwalimu kamwita dada: akiendelea, itabidi akae nyumbani kwanza. Na nyumbani nani hana kazi? Mimi! Nikamwambia dada asihangaike, nilihudhuria semina ya malezi nusu siku. Dada akasema nilifuata chai. Sisi wataalamu hatubishani.

Jumanne, 4 Machi
Mbinu: pipi. Kila akiacha kung'ata, anapewa moja. Nimejitolea kusimamia mwenyewe uani, wakati wa michezo. Mwalimu akauliza kama nimewahi kukaa nikamwangalia mtoto akicheza. Wivu tu!

Jumatano, 5 Machi
Mafanikio makubwa! Ameacha kung'ata mara sita! Mwalimu akanieleza kwamba ili aache mara sita, ilibidi ang'ate mara sita. Hilo sikuwa nimelifikiria. Muda si muda darasa zima linang'atana, kisha wanakuja kwangu mikono wazi. Binti mmoja kaning'ata goti, akaacha, akadai pipi. Nikampa. Haki ni haki.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepigwa marufuku uani. Nikachungulia kwenye uzio. Mwalimu kachuchumaa pembeni, anatazama tu. Eti nayo kazi! Jioni akamwambia dada kuwa mtoto hung'ata akinyang'anywa kitu, kwa sababu hajui aseme nini. Wameanza kumfundisha aseme, "Bado nachezea!" Dada naye afanye vivyo hivyo nyumbani. Nilicheka kimoyomoyo. Maneno mawili yashinde pipi?

Ijumaa, 7 Machi
Tulipokwenda kumchukua, mwenzake alikuwa anamvuta mwanasesere kutoka mikononi mwake. Mpwa wangu akaachama. Dada akanishika mkono, roho juu. Mara mtoto akapaza sauti: "Bado nachezea!" Mwenzake akaachia. Dada machozi yakamtoka. Hata mimi nikajikuta nafuta macho. Vumbi, bila shaka.

Mwalimu akanivuta kando, kwa upole kabisa. "Mjomba, siku nyingine mwangalie mtoto kwanza. Dawa baadaye."

Nikamwambia nimeelewa. Nimeelewa sana!

Jumamosi, 8 Machi
Mama jirani analalamika, pacha wake hawataki kuoga. Sijawatia machoni bado. Lakini dawa ninayo: nimeshaazima tarumbeta.