Uzinduzi wa Mizani ya Kina Mama Wajawazito

Ndugu Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na ninamwakilisha mimi. Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye pia ni mimi. Wajumbe wa kamati ndogo na wa kamati ndogo ya kamati ndogo. Dada mkunga wa zahanati hii. Ndugu yetu mwenye duka la saruji na misumari. Kina mama wajawazito mliosimama kwa sababu viti vimekaliwa na kamati: itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka vitini.)

Ninasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao wengi wamenisifia, kuzindua Programu Jumuishi ya Uzito wa Mama kwa Ukuaji Endelevu wa Mtoto, ambayo ni shirikishi, mtambuka na yenye fremuweki. (Sauti ya mama: “Yenye nini?”) Fremuweki, mama. Iko njiani.

Wataalamu wanatufundisha kwamba mama anayeshika mimba akiwa amekonda, kisha asiongezeke ipasavyo, huenda akajifungua mtoto mdogo atakayekua kwa kusuasua; na anayeongezeka kupita kiasi naye ana hatari zake. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi, kwa mkakati wetu, tunamkunja kabla hajavuliwa! (Kicheko kimoja, cha katibu.)

Takwimu zinazungumza. Kwa miaka miwili ya maandalizi tumewafikia kina mama elfu moja mia mbili na kumi na wawili, na wote, bila ubaguzi, wana kilo sitini. Sitini kabla ya mimba, sitini mwezi wa nane, sitini baada ya kujifungua. Huo ndio uthabiti! (Mkunga: “Mheshimiwa, tulikuwa tunakadiria kwa macho. Mizani hatujawahi kuiona.”) Ahsante, dada. Macho ya wataalamu wetu nayo ni miundombinu.

(Mama mwenye mimba ya miezi saba, gauni limemlegea mabegani, ananyoosha mkono: “Baba, mwanangu wa kwanza alizaliwa na kilo moja na nusu, tukamlea kwa roho mkononi. Na sasa naona nakonda kila wiki. Mizani si hiyo hapo chini ya kitambaa? Nipimeni leo.”)

Subira, binti yangu. Kitambaa hakifunuliwi kabla hotuba haijakomaa. Ushahidi mbona ninao mwilini? Tulipoanza semina za maandalizi nilikuwa na kilo sabini na nane. Leo, baada ya vikao arobaini vyenye vitafunwa, nina mia moja na mbili. Kama mpango haufanyi kazi, kilo hizi zimetoka wapi? (Sauti kutoka nyuma: “Na wewe unajifungua lini?” Vicheko.) Swali hilo litajibiwa kwa maandishi.

Sasa, kwa mamlaka niliyojikabidhi, ninafunua! (Anavuta kitambaa. Mizani imejaa vumbi la saruji. Kamera zinamulika. Mwenye duka anainuka: “Mzee, tulikubaliana mizani yangu ikae hapa saa moja tu. Wateja wangu wa misumari wamepanga foleni.” Anaanza kuisukuma, kisha anamgeukia yule mama: “Dada, njoo dukani. Utapimwa bure leo, na kila mwezi hadi ujifungue.” Mama anamfuata, mkunga naye, daftari kwapani, kina mama wote nyuma yao.)

Katibu, andika: mnufaika wa kwanza amepatikana, asilimia mia moja ya lengo! Mama kwanza! (Katibu anaandika.) Kilo zetu, kesho yetu! (Kiti kinalia.)

Nikihitimisha, ninamshukuru kwa dhati mwenye duka kwa kutuazima mizani ya kupigia picha, na fundi cherehani kwa kitambaa hiki, ambacho, kwa uwazi na uwajibikaji wangu, ndicho kitu pekee ambacho programu imewahi kuwa nacho. Ahsanteni viti vyote.

(Kutoka dukani, ng’ambo ya barabara, mkunga anasikika akisoma kwa sauti: “Arobaini na tisa. Mama, wewe huondoki hapa mpaka tuzungumze.” Anaandika. Ni namba ya kwanza katika daftari lile isiyokuwa sitini.)