Kifo Changu Kando ya Kisima

Jumatatu, 6 Juni 1966

Habari kubwa! Chuo cha maigizo cha Nairobi kinatafuta mwanafunzi mmoja kutoka upande huu wa nchi. Mmoja tu. Mkufunzi wao, Bwana Mukabana, atakuja Garissa wiki ijayo na msafara wa malori, akilindwa na polisi mbele na nyuma. Atatazama mchezo wa shule yetu, kisha atachagua. Atakayechaguliwa atasomea sauti, mwendo, uso na jukwaa. Mwalimu Jilo alitangaza asubuhi kwenye mstari. Bishara akauliza kama chakula cha huko ni kizuri. Hiyo ndiyo akili ya Bishara. Mimi sikuuliza kitu. Nilisimama wima, kidevu juu, kama kitabu kinavyoelekeza.

Kitabu ni cha Mwalimu Jilo, ambaye aliwahi kusoma chuoni hapo likizo moja. Ameniazima. Nusu ya nyuma imeliwa na mchwa, lakini nusu iliyobaki naijua kwa moyo. Sura ya mwisho iliyoliwa, kwa mujibu wa ukurasa wa yaliyomo, iliitwa "Kuwasikiliza Watazamaji". Hasara ndogo. Kazi ya watazamaji ni kutazama.

Jumanne, 7 Juni

Tumegawiwa sehemu. Bishara ni mwenye kisima, mwanamke bahili anayemnyima msafiri maji. Mimi ndiye msafiri. Nimeshinda! Mwenye kisima huchukiwa, msafiri huliliwa.

Dosari moja. Msafiri anaomba maji, ananyimwa, anakufa. Basi! Nikamweleza Mwalimu Jilo kwa heshima kwamba mtu aliyetoka Takaba kwa miguu hawezi kufa haraka hivyo. Alikuwa amechoka, akasema fanya utakavyo. Nimeandika kurasa nne za kiu. Nasema nina kiu, naanguka, nainuka, nasema tena nina kiu, naanguka upande wa pili. Bishara alisoma, akaniambia, "Abaay, dada yangu, ukifa polepole hivyo, saa ya kafyu itatukuta hapa hapa." Wivu mtupu.

Jumatano, 8 Juni

Siku hizi za vita watu hawakusanyiki bila kibali, hata kwa mchezo. Mwalimu Jilo alipeleka maandishi yetu ofisini, akarudi shati limelowa. Afisa alitaka kujua kisima hicho kiko upande gani wa mpaka. Alitaka kujua pia kwa nini msafiri anatembea peke yake, na kama ana ruhusa ya kusafiri. Ikabidi waongeze mstari: kabla ya kuomba maji, msafiri anaonyesha cheti chake.

Baada ya hapo kila ukurasa ukapigwa muhuri. Hakuna neno la kuongeza wala kutoa, la sivyo mchezo unafutwa. Na kurasa zangu nne? Zote zina muhuri! Serikali imeidhinisha kiu yangu.

Alhamisi, 9 Juni

Mazoezi ya kwanza, uwanjani. Mwanzo mzuri. Nilionyesha cheti, nikaomba maji, Bishara akaninyima, nikaanza kuanguka. Nilikuwa chini, ulimi nje, nikihisi sanaa yenyewe ikipanda mwilini, mara kitu baridi mdomoni. Kibuyu! Mama mmoja aliyekuwa akipeleka maziwa sokoni alinisikia kutoka barabarani. Akaruka ua wa miiba, akapiga magoti, akaniinua kichwa.

Ningefanyaje? Maziwa ya ngamia hayakataliwi. Kumrudishia mtu kibuyu chake ni kumtukana yeye na ukoo wake. Nikanywa. Kisha nikashindwa kufa, maana nilikuwa nimeshiba.

Tukaanza upya. Safari hii ni Abdow, mpishi wa shule, aliyeacha uji jikoni ukiungua akaja mbio na sufuria ya maji. Akamgeukia Bishara akamuuliza amelelewa na nani. Bishara alicheka hadi akashika kisima asianguke. Kisima chenyewe ni majani makavu yaliyofungwa kwenye fito, nusura kianguke naye.

Ijumaa, 10 Juni

Nimebuni dawa. Elimu kwa umma! Baada ya swala nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaeleza akina mama kwamba msafiri ni mimi, Timiro, na kwamba sina kiu yoyote. Mmoja akauliza mbona basi nasema ninayo. Nikasema naigiza. Akauliza kama mwalimu wetu anajua kwamba tunafundishwa kuomba maji kwa uongo. Mwingine akasema msichana anayesingizia kiu lazima ana ugonjwa, akanipa maziwa. Kwa heshima yao nimekunywa katika nyumba zote. Sijiwezi.

Nyumbani nikamweleza nyanya yangu, Ayeyo Osob, kwa utaratibu kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema alipokuwa mdogo huko Ijara, mwaka wa kiangazi kikubwa, mtu alifika kwenye kisima cha watu usiku, nao wakasita kidogo tu. Kidogo tu. Asubuhi walimzika. Akasema yeye hatakaa chini, na kitambaa safi kichwani, kutazama jambo hilo mara ya pili, hata likifanywa na mjukuu wake kwa mchezo.

Nilimwambia nimesikia. Kisha nikamwomba siku ya mchezo abaki nyumbani. Akasema atakuja.

Jumapili, 12 Juni

Siku mbili za kufikiri. Wazo la kwanza: msafiri aumwe na nyoka. Nyoka hatulizwi kwa maziwa. Mwalimu Jilo akanionyesha muhuri. Wazo la pili: msafiri aseme "nina kiu" mara moja tu. Muhuri. Akaniuliza ni nani aliyeandika hizo kurasa nne. Swali lisilo la lazima.

Wazo la tatu limetoka mbinguni. Siku ya mchezo kutakuwa na askari langoni, kwa sababu siku hizi kila mkutano una askari langoni. Ameletwa kutoka bara na hana mazoea na mtu hapa. Nimemfuata, nikamsalimu kwa adabu, nikamwambia kwamba raia mwema angeshauri vyombo vyote viachwe nje: vibuyu, mitungi, birika, chupa. Hujui kuna nini ndani. Akanitazama kwa heshima kubwa. Akasema hata sindano haitapita.

Jumanne, 14 Juni

Msafara umeingia! Bwana Mukabana alishuka kutoka lori la tatu akiwa mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu. Akauliza maji yako wapi. Watu wapatao kumi wakamkimbilia. Nilimwangalia anavyokunywa, nikajifunza mambo mengi kuhusu koo.

Nimetekeleza pia mpango mdogo wa pembeni. Nimemshauri Bishara kirafiki awe mkali kesho, mkali kupita kiasi, hata awatukane watazamaji. Watamchukia na mkufunzi ataona. Bishara akasema, "Wallahi, wazo zuri, asante abaay." Maskini.

Jumatano, 15 Juni

Siku ya mchezo! Nitajaribu kufuata utaratibu.

Saa tisa alasiri, mji mzima uwanjani. Langoni, rundo la vibuyu na birika kubwa kama kichuguu. Akina mama wameketi mikono mitupu, wakinung'unika. Bwana Mukabana mstari wa mbele, kalamu mkononi, kando yake yule afisa wa muhuri. Nilitaka kumbusu yule askari.

Nikaingia. Nikaonyesha cheti. Nikaomba maji. Bishara akasimama mikono ikiwa kiunoni, akasema maji yake si ya kila mzururaji. Uwanja ukaguna. Akawageukia akawaambia wanyamaze, wao wenyewe wangemnyima kama kisima kingekuwa chao. Uwanja ukalipuka! Mimi nikaanguka mara ya kwanza. Vizuri sana. Nikainuka. Nikaanguka upande wa pili. Nikasikia mtu analia, moyo ukanijaa furaha.

Ndipo nikasikia kwato.

Askari alikuwa ameambiwa azuie vyombo. Hakuna aliyemwambia chochote kuhusu mbuzi. Ayeyo Osob alikuwa amepita langoni mikono mitupu kama alivyoamriwa, akifuatwa na mbuzi wake mweusi mwenye maziwa. Akapanda jukwaani. Akanipindua chali kama mkeka, akaniambia nifungue mdomo, akachuchumaa, akakamua. Moja kwa moja! Mengine yakaniingia puani. Nilimnong'oneza kwamba nimo katika ukurasa wa tatu wa kiu. Akaniambia nimeze kwanza.

Uwanja mzima ulisimama ukimwombea dua.

Kisha Ayeyo akainuka, akamgeukia Bishara. Naa, wewe mwenye kisima! Akamwuliza mama yake alimnyonyesha nini, mchanga? Mtu yeyote mwenye akili angekimbia. Bishara hakukimbia. Akajifunga shuka yake, akajibu akiwa bado mwenye kisima, akasema bibi mwenye mbuzi anajiita mkarimu, lakini mbuzi huyo amekunywa maji ya kisima gani? Ayeyo akajibu. Bishara akajibu. Wakaenda hivyo, mmoja akitupa, mwingine akidaka, watu wakipiga makofi katikati, mpaka Ayeyo akasema jambo kuhusu upweke wa mtu anayelinda maji peke yake. Bishara akakaa chini kando ya kisima. Akalia. Halisi! Akachota maji yasiyokuwepo, akaniletea kwa viganja viwili.

Hayo hayamo katika maandishi. Hayana muhuri wowote. Nilimtazama afisa. Afisa alikuwa anajifuta macho.

Mimi sikunywa. Nilikuwa bado na ukurasa wa nne. Nikasema kwa sauti kwamba nina kiu, nikafa. Hakuna aliyeona, kwa sababu wakati huo huo mbuzi alianza kula kisima.

Alhamisi, 16 Juni

Matokeo. Bwana Mukabana alituita ofisini kwa Mwalimu Jilo. Alisema ameona michezo mingi lakini hajapata kuona watazamaji walioandikwa ndani ya mchezo kwa ustadi hivyo. Akamsifu Mwalimu Jilo, ambaye alikohoa. Akauliza yule mwigizaji mzee anafunzwa wapi. Yuko tayari kumchukua pia. Ayeyo aliitwa, akasikiliza, akauliza huko Nairobi nani atakamua. Akaenda zake.

Nafasi imepewa Bishara.

Kuhusu mimi, Bwana Mukabana alitafuta maneno kwa muda mrefu. Akasema nililala vizuri sana, na kwamba sikumsumbua mbuzi. Nimeyaandika haya kama alivyoyasema. Ni maneno ya mtaalamu.

Nililia kidogo tu, nyuma ya zizi. Ayeyo alinikuta.  Aliketi karibu nami, akanipa maziwa.

Jumamosi, 18 Juni

Msafara umeondoka alfajiri. Bishara amekaa kati ya magunia, amejitanda shuka mpya. Nilikwenda kumuaga, kwa sababu nimelelewa vizuri. Alinishika mikono yote miwili akasema bila ule ushauri wangu wa ukali asingepata kitu, na kwamba atanitumia kitabu kizima, chenye sura zote. Nikamshukuru. Nikamwambia asijisumbue na ile ya mwisho.

Maana habari ni hii: mwakani Bwana Mukabana anarudi! Nafasi moja nyingine! Na mimi nimekwisha kugundua kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa kiu. Mji huu una maziwa mengi mno. Kwa hiyo mchezo mpya, nimeuanza leo, kurasa sita: msafiri yule yule anakufa kwa njaa. Nimepima kila upande, hauna tundu. Maziwa kila mtu hutembea nayo, lakini ni nani anayekwenda kutazama mchezo amebeba chakula?

Nimemsomea Ayeyo ukurasa wa kwanza. Amesikiliza kwa makini mpaka mwisho. Ameniuliza mambo mawili tu: mchezo ni mwezi gani, na msafiri anapenda nyirinyiri, ile nyama ya kukaanga inayokaa miezi bila kuoza, ya mbuzi au ya ngamia. Nimemwambia ya ngamia.

Naona ameanza kupenda sanaa.