Kulabu ya Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Habari kubwa! Jumapili ukoo ukikutana kwa mama mkwe, kama kila mwezi, atamrithisha mjukuu mmoja kulabu yake ya kufumia. Ile ya mfupa, aliyoachiwa na mama yake. Itakwenda kwa mwenye mkono wa kufuma. Nani tena kama si Malkia wangu? Miaka saba, vidole kama vya mpiga kinanda. Wifi naye ati anamwandaa bintiye, Chiriku. Miaka mitano, mdomo haupumziki! Nimecheka peke yangu jikoni.

Jumanne, tarehe 4

Somo la kwanza. Malkia kafuma vitanzi vinne, kasema kidole kinawasha, kaenda kuruka kamba. Kamba yenyewe uzi wangu! Kipaji kipo. Subira tu ndiyo haijafika.

Alhamisi, tarehe 6

Nimeamua kumsaidia kidogo. Kitambaa cha meza cha duara, cheupe, ukingo wa bluu. Mizunguko yote kumi na miwili nimefuma mimi. Bluu kachagua Malkia. Kwa hiyo ni kazi yake. Mimi mashoto, na mashoto tukishika kulabu hatuna mpinzani. Shule niliishia njiani, lakini mikono yangu ina digrii. Baba Malkia akauliza kama huu si udanganyifu. Nikamuuliza barua yake ya kuomba kazi aliandika nani. Akarudi kwenye redio yake.

Jumamosi, tarehe 8

Mazoezi. Malkia akiulizwa nani kafuma, aseme ni yeye. Akiulizwa kafumaje, acheke kwa aibu. Kacheka vizuri mno. Hii akili sijui kaitoa wapi. Najua.

Jumapili, tarehe 9

Balaa! Kitambaa nilikitandika mahali ambapo hata kipofu angekigusa. Watoto wakamzonga Malkia awaonyeshe. Chiriku mbele: kitanzi cha kwanza kinatoka wapi? Kwa nini hakifumuki? Na mtu akipiga chafya je? Malkia akacheka kwa aibu. Akaulizwa tena, akacheka tena. Mara ya tatu akasema muulizeni mama, akatoka zake na kamba.

Nikaona nizibe ufa kabla sijajenga ukuta. Nikaketi mkekani, watoto sita mbele yangu, kila mmoja na uzi mnene, kidole chake ndiyo kulabu. Wakanifuata kama wanajitazama kwenye kioo: mimi kushoto, wao kulia. Wakashika upesi ajabu! Chiriku akafuma mnyororo kutoka mlangoni hadi kabatini, na maneno hayakukatika.

Kumbe nyuma yangu mama mkwe kavaa miwani. Anakigeuza kitambaa, anafuata vitanzi kimoja kimoja kwa kidole. Akamwita Malkia, akamuuliza anaandikia mkono gani. Wa kulia, bibi. Basi akatamka mbele ya ukoo mzima kwamba mfumaji wa kulia huzungukia huku, hiki kimezungukia kule, na humu ndani mashoto ni mmoja tu. Wifi akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Akaniuliza, wifi yangu, na kazi za shule unamwandikia wewe?

Kulabu kapewa Chiriku!

Nikachukua mkoba niondoke. Mama mkwe akanishika mkono, akasema mwanangu, mkono wako unajenga, mdomo wako unabomoa. Akasema watoto sita hajawahi kuwakalisha yeye hata dakika tano. Kila tukikutana niwafundishe mimi, maana macho yake yamechoka. Mambo ya kulabu hata hakuyarudia. Mtu anavunjiwa heshima, halafu anaongezewa kazi!

Chiriku alimpa Malkia mnyororo wote akarukie kamba. Waliruka pamoja mpaka tunaondoka. Mwanangu hana kinyongo hata chembe. Hilo nalo nitamfundisha.

Jumatatu, tarehe 10

Nimetafakari kwa kina. Kosa nimeliona. Mama mkwe bado ana sanduku la nyuzi, nalo litataka mrithi. Leo nimeanza kofia ya Malkia, nyekundu. Rangi kachagua mwenyewe. Vitanzi vimekwenda mrama, kidole kimevimba, nimefumua mara tatu. Si kitu. Safari hii nafuma kwa mkono wa kulia.