Hisia Arobaini za Bomba la Soweto

Jumatatu, 3 Juni 1996

Na ijulikane kwa wote, wa Kibera na wa nje ya Kibera, kwamba leo saa mbili na robo asubuhi mimi Jeconia Oluoch nimeacha rasmi kusema 'fine'. Nimelitumia neno hilo miaka kumi na tisa. Limechakaa. Kuanzia sasa nikiulizwa hali, nitajibu kama mtu aliyejisomesha.

Sababu ni kazi. Kuna shirika la maji limefungua ofisi Kawangware, juu ya duka la simenti. Linatafuta mtu mmoja wa kuzunguka kwa watu na fomu. Miezi sita. Baiskeli. Beji ya kuvaa shingoni! Tulifika kumi na wanane. Msimamizi, Madam Musimbi, alituambia tueleze kwa Kiingereza safari ya kutoka nyumbani ilivyokuwa. Kumi na sita walisema ilikuwa 'good'. Mimi nikasema ilikuwa 'emotional'. Sijui neno lilitoka wapi. Kalamu yake ikasimama.

Tumebaki wawili. Mimi, na msichana wa stendi ya 46, huko huko Kawangware, anayeitwa Kasyoka, ambaye amemaliza kozi ya secretarial na mwandiko wake unafanana na wa taipureta. Yeye alisema alitembea dakika nane, akafika. Sijui Madam aliona nini hapo.

Tumepewa wiki moja ya majaribio. Kila mtu fomu kumi, watu kumi, mtaani kwake. Swali ni moja: wanahisi vipi kuhusu maji yao? Madam amekataza 'good', amekataza 'bad', na 'fine' akasema asiione hata kwa mbali. Ametupa karatasi yenye maneno arobaini ya hisia. Mwenye fomu bora ndiye mwenye kazi.

Lazima niwe mimi. Kaka yangu ameandika kutoka Ugunja kwamba Nairobi imenishinda, nikubali tu, na kwamba ng'ombe wawili wa kulimia wananingoja. Aoko, mke wangu, aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaenda kuuliza nauli ya basi. Ya mtu mmoja. Yeye na mtoto wetu Whitney wanabaki.

Nimemwambia niko 'optimistic'. Ameuliza kama ilianza jana ama leo.

Jumanne, 4 Juni

Karatasi nimeibandika ukutani, juu ya gazeti la mwaka juzi. Nimegundua jambo: neno la hisia halishiki kichwani mpaka ulihisi. Basi nimetoka kwenda kuyahisi, moja moja.

'Frightened': nilitembea juu ya reli mpaka gari moshi likapiga honi nyuma yangu. Nimelishika vizuri sana. Kiatu kimoja kimebaki huko.

'Embarrassed': nilirudi nyumbani na kiatu kimoja, nikipitia kwa Okoth, fundi wa vitanda. Akaniuliza kama cha pili kinakuja na treni ya jioni.

'Exhausted' nilikuwa nayo tangu jana, ya kwenda Kawangware na kurudi kwa miguu. Sikuhitaji zoezi.

Jioni nikamwambia Aoko niko 'overwhelmed'. Akanishika paji la uso, akaenda kwa jirani, akarudi na vidonge vya malaria. Nimevimeza. Kueleza kungekuwa kazi zaidi.

Jumatano, 5 Juni

Nimeenda kwenye foleni ya maji, fomu mkononi, kalamu juu. Kosa!

Hapa Soweto West, mtaa wetu wa Kibera, mtu mwenye fomu huwa ni mmoja kati ya watatu. Amekuja kuhesabu nyumba zibomolewe, amekuja mambo ya kura, ama amekuja na blanketi. Mpaka ajulikane ni yupi, hapewi kitu cha ndani. Hata kama ni mimi, Baba Whitney, ambaye walimwona jana na kiatu kimoja.

Nikaanza na Mama Nthenya, muuza makaa. Anahisi vipi kuhusu maji? Ati, 'Tunasukuma tu,' yaani maisha. Nikamwambia hapana mathe, niambie vile unahisi huko ndani moyoni. Akanitazama kama nimemuuliza umri. 'Hata huko ndani tunasukuma.'

Okoth akasema, 'Niko tu.' Nikamsomea maneno yote arobaini ili achague. Alisikiliza mpaka la mwisho, kwa adabu, ndoo ikiwa mkononi. Akasema yote ni mazuri na nimeyasoma vizuri, lakini yeye yuko tu.

Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu aliuliza kila nyumba itapata blanketi ngapi.

Hesabu ya siku: 'tunasukuma tu' sita, 'niko tu' mbili, blanketi moja. Wa kumi alikataa hata kusimama, nikamweka Aoko mahali pake bila kumsumbua.

Nimekaa nyumbani na chai nikafikiri. Mtu akishindwa kutaja hisia zake, jirani mwema atamsaidia. Basi nikawagawia. Okoth nimempa 'heartbroken', kwa sababu ana uso mrefu. Mama Nthenya 'disgusted'. Mzee wa kofia 'hopeful'. Mama aliyenikanyaga kwenye foleni, 'furious'. Nilipofika kwa Aoko nikaona si vizuri mke wangu apate neno la kawaida. Nimempa 'enchanted', yaani aliyerogwa na uzuri.

Sijawahi kuandika vizuri hivi.

Alhamisi, 6 Juni

Ushindi! Madam Musimbi alizisoma fomu zangu kwa sauti. Alipofika kwa Okoth alitoa miwani akaifuta. Akasema tangu aanze kazi hii hajapata watu wenye hisia kama hawa wa Soweto West.

Kisha za Kasyoka. Fomu kumi, kwa ule mwandiko wa taipureta: 'He says he is just there.' 'She says they are just pushing.' Kumi zote! Nilimwonea huruma, lakini si kwa muda mrefu. Nikamshauri polepole, kama kaka mkubwa, kwamba siri ya kazi hii ni kuwasikiliza watu. Akaniangalia. Akasema, 'Sawa, brathe.'

Nimeshuka ngazi nikiimba. Katikati ya ngazi Madam akaniita kutoka juu. Jumamosi saa nne atakuja Soweto na mkubwa wake wa town, Mzee Mulwa, wawasikie hao watu kumi kwa masikio yao. Hasa yule 'enchanted'.

Ngazi zilizobaki nimeshuka kimya.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefungua darasa, kwa Okoth, katikati ya vitanda. Walikuja tisa. Nikamwambia kila mtu neno lake na maana yake.

Hakuna aliyelitaka lake! Okoth akasema mtu mwenye vitanda vitatu vya wateja hawezi kuwa 'heartbroken', wateja watasikia wakimbie. Anataka 'confident'. Mama Nthenya aliposikia 'disgusted' ni kuona kinyaa alisimama, akauliza ni nani huyo amekaa kunusa mambo yake. Akina mama wawili wa kwaya waligombania 'delighted' mpaka nikawapa wote. Kufika saa saba mtaa mzima ulikuwa na furaha kubwa kuhusu maji. Na fomu ziko Kawangware, zinalia!

Nimewabembeleza upya. Wamekubali kurudi kwenye maneno yao, lakini si bure. Nitafagia maranda ya mbao kwa Okoth mwezi mzima. Nitambebea Mama Nthenya magunia. Mzee wa kofia alikubali 'hopeful' mara moja. Alisema hata blanketi moja si mbaya.

Aliyekataa kabisa ni Aoko. Anakaanga omena, wale dagaa wa ziwani, na kuuza pale nje karibu na bomba, na hakuacha kugeuza karai hata nilipopiga magoti. Akasema, 'Baba Whitney, hilo neno silijui, na kama ni mambo ya hilo bomba sitaki kulijua.'

Lakini tisa ni wengi. Kufika jioni wanayasema bila kukosea, Okoth hadi ameweka mkono kifuani. Nimeshusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Jumamosi, 8 Juni

Wamekuja. Madam Musimbi, Mzee Mulwa mwenye suti ya kijivu, na Kasyoka, ati kutazama. Watu wangu tisa wamesimama kando ya bomba kama kwaya. Mzee Mulwa akasalimia vizuri, akasogea kwa Okoth, akaingiza mkono ndani ya koti.

Akatoa kalamu.

Niliona nyuso zikifungwa moja moja, kama vibanda siku askari wa kanjo, wale wa jiji, wanapokuja kuvunja. Akauliza, 'Fundi, maji hapa mnaonaje?' Okoth, ambaye jana alisema 'heartbroken' mara thelathini na mkono kifuani, akasema, 'Niko tu, mzee.'

Mama Nthenya: 'Tunasukuma tu.' Wa kwaya: 'Tunasukuma tu, na Mungu yuko.' Mzee wa kofia akauliza gari la blanketi limeachwa wapi.

Mzee Mulwa akanigeukia. Hakukasirika. Akauliza kwa upole, mimi kama mkaaji wa hapa, ninahisi vipi. Maneno arobaini ninayajua yote, kwenda na kurudi. Nikatazama ile kalamu. Nikasikia mdomo wangu wenyewe ukisema, 'Tunasukuma tu, mzee.'

Kasyoka akaandika.

Madam Musimbi akapekua fomu zangu, akauliza 'enchanted' ni nani. Nikaanza kueleza kwamba amesafiri. Vidole tisa vikaonyesha Aoko, pale pale, na karai lake.

Mzee Mulwa akamwendea. Kwanza Aoko akamwambia arudishe kalamu mfukoni, isije ikaingia kwa mafuta. Akairudisha. Akamuuliza kama amekuja kununua ama kusimama. Akanunua. Ndipo Aoko akaongea, macho yakiwa kwa omena.

Akasema anaamka saa kumi. Maji yakitoka yanatoka na rangi ya chai, anayaacha yatulie, ya juu anapika, ya chini anaosha omena. Yasipotoka anapanda kwenye zile ghorofa za Nyayo Highrise na mitungi miwili kumsihi bawabu, na bawabu yule anakula omena kuliko wateja wote wakiwekwa pamoja. Mwezi wa nne Whitney alihara siku tisa. Siku ya tano akambeba mgongoni kumpeleka hospitali, lakini alipitia kwenye foleni kwanza, mtoto akiwa mgongoni, kwa sababu akirudi angekuta maji yameisha, na mtoto anayehara unamwosha na nini? Akasema bado anamkumbuka kila mtu aliyekataa kumpisha siku ile. Wawili wako hapa.

Mama mmoja wa kwaya akaangalia chini.

Sikujua habari ya foleni ile. Mimi nilidhani walienda moja kwa moja.

Hakutaja hisia hata moja, nilikuwa nahesabu. Lakini mtaa ukafunguka! Mama Nthenya akasema basi asisahau kueleza siku mfereji ulipopasuka. Okoth akaanza habari ya mkewe na mgongo. Mpaka mzee wa kofia aliongea, na haikuwa blanketi. Mzee Mulwa hakuandika kitu. Kasyoka, nyuma yake, aliandika kurasa kumi na moja.

Uamuzi ulitolewa hapo hapo. Kazi ni ya Kasyoka. Nikafumba macho, nikawaona wale ng'ombe wawili wakinitazama. Kisha Madam akasema Kasyoka anajua kuandika lakini anahitaji mtu wa kufungua watu midomo, na Mzee Mulwa amesema apewe Aoko. Miezi sita, wote wawili, kuanzia Jumatatu.

Fomu zangu nimerudishiwa. Madam amesema zinapendeza sana, nizitunze nyumbani.

Nilikaa kitandani nikingoja habari ya basi. Aoko alihesabu vijiko, akafunika karai, akamlaza Whitney. Mwishowe akasema atakuwa hayupo mchana, na omena haiwezi kujikaanga. Ugunja itangoja. Nikauliza kama ni kweli. Akasema, 'Nikikukuta umesimama na fomu, unaenda.'

Siendi! Nimetoka nje nikavuta hewa yote ya Soweto West, na harufu zake. Niliporudi ndani nilimwambia pole kwa ile siku ya foleni. Kwa Kijaluo. Amenisogezea blanketi.

Jumatatu, 10 Juni

Siku ya kwanza kwenye karai. Mafuta yamenirukia mara nne. Sina malalamiko, mtu aliyeokoka jembe la ng'ombe halalamiki.

Nimepata nafasi ya kuyatafakari yote kwa utulivu, na nimeona wapi tulikosea. Maneno arobaini yalikuwa machache. Mzee Mulwa angesikia mia, mambo yangekuwa mengine. Nasikia kuna shirika lingine, la vyoo, linakuja mwezi wa nane. Safari hii litanikuta tayari. Nimeanza orodha mpya nyuma ya zile fomu, na Okoth nimeshamwekea 'apprehensive', yaani ana wasiwasi wa yajayo. Sijamwambia.

Aoko na Kasyoka walipita saa sita wakicheka kitu. Niliwaambia wakikwama kwa mambo ya hisia wanajua nilipo. Kasyoka akasema, 'Tunajua, brathe. Ugeuze hiyo, inaungua.'

Mteja mmoja aliuliza omena ikoje leo. Nikamwambia ni 'breathtaking', inakata pumzi. Alienda kwa yule mwingine, karibu na reli.

Saa tisa nilichukua mtungi nikaenda bombani kuchota maji ya kuoshea omena. Hayakutoka.