Kamati ya Kuibua Vipaji vya Nyumbani

Bwana Shihab, mwenyekiti wa Klabu ya Raga ya Majabali, alitangaza katika hoteli moja ya Qurum, Maskati, kwamba zama za kushindwa zimefutwa rasmi. Wageni walipiga makofi. Wachezaji, waliochapwa sitini kwa sifuri siku iliyotangulia, hawakualikwa.

Klabu ilikuwa mahututi. Wachezaji wake wote walikuwa wafanyakazi kutoka nchi nyingine. Mikataba ya kazi ilipokwisha, huyu alihamia Doha, yule Dubai, akabaki mchezaji mmoja, Fidel, na goti lake bovu. Wakikosa kupeleka timu mechi ya mwisho, ligi itaifuta klabu. Shihab alikosa usingizi. Hakutaka kukumbukwa kama mtu aliyefunga mlango.

Akaunda kamati. Wakaingia mashemeji, mabinamu na Daktari Talal wa meno.

"Mwenyekiti," alisema Japheth, kocha kutoka Kakamega, "pale mtaa wa Ghubra vijana wanacheza kila jioni. Nipatie mipira na jezi tu, nitakutolea timu."

"Taratibu, Japheth. Kwanza tufafanue 'nyumbani' ni wapi."

Kamati ikafanya ziara ya mafunzo Salala, kusini kabisa mwa nchi, kutazama minazi, kwa kuwa nayo hukuzwa nyumbani. Ikarudi imenenepa, na ufafanuzi mkononi: mchezaji wa nyumbani ni mzaliwa wa Maskati mwenye uanachama wa klabu usiopungua miaka mitano. Vijana wa Ghubra wakaenguliwa. Hata uanachama wa siku moja hawakuwa nao, kwa sababu wa kuwapa alikuwa Salala.

Ligi iliupenda ufafanuzi huo mno. Ikaufanya sheria, kuanzia mechi ya mwisho, na kuiachia kamati mamlaka ya kuurekebisha. Shihab alikuwa bado anapokea pongezi simu ya Japheth ilipoingia.

"Hongera, Mwenyekiti. Nimewapata wanaotosha."

"Alhamdulillahi! Nani hao?"

"Ni nyinyi."

"Sisi nani?"

"Kamati. Wote wazaliwa wa hapa, wanachama wa zamani. Raga yetu ni ile ya watu kumi na watatu, na nyinyi mko kumi na watatu. Kamili kabisa."

Shihab alifikiria kuugua, lakini mkewe, Bi Khulood, alikuwa keshawaarifu jamaa wote. "Nnakuja na mashoga zangu," alimwambia. "Wallahi, hii siikosi."

Siku ya mechi jezi ilimfika Shihab kitovuni, ikakataa kuendelea. Mpira ulimjia mara moja tu. Aliukumbatia, akahisi, kwa nukta moja, fahari ambayo hakuwahi kuipata kwenye mkutano wowote. Kisha akatua juu yake mtu mzima aliyelishwa vizuri. Alipofumbua macho aliona mbingu, na akasikia jukwaa zima likicheka, kicheko cha Bi Khulood kikiwa juu ya vyote.

Wakati wa mapumziko aliitisha kikao cha dharura palepale kwenye nyasi. Hoja ikapita bila mpinzani: tangu sasa, mchezaji wa nyumbani ni kijana yeyote wa Ghubra mwenye miguu miwili.

"Waite waingie!" alihema Shihab. "Haraka!"

Vijana walikuwa uzioni, wameshavaa viatu. Japheth aliwahesabu wajumbe kwa kidole, akarudia.

"Shida ni akidi, Mwenyekiti. Mlipitisha kwamba bila wajumbe wote hakuna uamuzi. Daktari Talal ameshapelekwa hospitali."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hoja imeanguka," alisema Japheth kwa heshima zote, akimnyooshea mkono amwinue. "Kipindi cha pili kinaanza. Utacheza pia nafasi ya daktari."