Vita vya Boksi la Kwanza

Nyamazeni, enyi wenye masikio mawili, na mwenye moja asogee karibu zaidi! Zimeni redio, wekeni mafagio chini, wenye usingizi wanawe nyuso. Kwa maana nawasimulia habari za Fundi Cherehani, mwanamke wa mkono mwepesi, mfumua mapindo, mtawala wa sindano mia, na jinsi alivyopambana na maboksi thelathini na manne siku aliyohamia nyumba yake, akayashinda jua likiwa bado juu.

Miaka kumi na mmoja shujaa huyu na mumewe walikuwa wamekaa vyumba viwili vya uani kwa mama mkwe. Naye mama mkwe alikuwa muuguzi mkuu mstaafu, aliyeitwa na wote Matroni, bibi ambaye sauti yake iliwahi kunyoosha shuka za wodi nzima bila yeye kuzigusa. Asubuhi ile ya kuhama alisimama langoni, akatoa tangazo.

"Nitapita saa kumi kuwatazama. Najua hamtakuwa hata na pa kuweka kikombe. Chumba chenu nakiacha wazi."

Mwanawe akacheka. Fundi hakucheka. Alilimeza neno lile kama mtu amezavyo kidonge bila maji, akaapa moyoni kwamba saa kumi ikifika, Matroni atakunywa chai.

Na silaha alikuwa nazo! Juma zima alikuwa ameliandaa boksi la siku za kwanza, kama jemadari aandaavyo ghala kabla ya mazingiwa. Akatwaa birika la umeme, akatwaa majani ya chai na sukari, vikombe vitatu vilivyovikwa soksi visigongane, kisu kikali, sabuni ya mche, taulo mbili, shuka jozi moja, balbu mbili, na roli nne za karatasi ya chooni, askari laini wasiotajwa katika utenzi wowote. Kisha kwa chaki yake ya kushonea akaandika ubavuni, kwa herufi kubwa: KWANZA.

Lakini ole! Mume wa Fundi alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni, mtu mwema, mpole, mwenye udhaifu mmoja tu: alipenda selotepu kuliko wengine wapendavyo mpira. Maboksi yote aliyatoa kazini kwake, yote ya kahawia, kimo kimoja, harufu moja, ndugu thelathini na wanne wasiotofautishika hata na mama yao. Na kila boksi alilizungushia selotepu mara saba, asibakize hata upenyo wa kupita sisimizi.

Lori likaondoka saa nane na nusu. Vumbi likatua. Fundi akasimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, akaitazama milima ile ya makaratasi.

"Li wapi boksi la kwanza?"

Mumewe, aliyekuwa ameketi pembeni kabisa akivuta pumzi, akainua mkono kama mhubiri. "Mke wangu, fahari ya nyumba hii mpya, usifadhaike! Nililifunga mwenyewe kwa mikono hii, mizunguko saba, hata gharika isingelipenya!"

"Nimekuuliza liko wapi. Sijakuuliza hali yake."

"Limo humu humu, miongoni mwa ndugu zake."

"Na maandishi yangu?"

Mume akaitazama dari. "Yalikuwa yanafutika, mke wangu. Nikayafunika kwa selotepu ya kahawia."

Basi vita vikaanza. Kisu kilikuwa ndani ya boksi lililotafutwa, kwa hiyo Fundi akalivaa boksi lililokuwa karibu kwa ufunguo wa mlango na meno yake mwenyewe. Robo saa nzima walikamatana, boksi likigeuka huku, Fundi akiligeuza kule, mpaka likapasuka tumbo, likamwaga kalenda kumi na mbili za miaka iliyopita.

"Zina picha nzuri," mumewe akasema kwa sauti ndogo.

La pili likatoa mito, ikaruka usoni mwa Fundi kama bata waliofunguliwa. La tatu, la tatu! Ndani yake lilikuwa kopo la vifungo, na kifuniko hakikuwa kimekaza. Vifungo elfu vikamwagika sakafuni kama mvua ya mawe, vikakimbilia chini ya kila kitu, na mumewe akainua miguu juu asivikanyage, asibanduke alipoketi.

Saa ilikuwa tisa na dakika arobaini. Fundi akaketi sakafuni katikati ya vifungo. Aliiona sura ya Matroni mlangoni. Hata asingesema kitu, angetazama tu, kisha angetikisa kichwa kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomuuma Fundi kuliko matusi. Akashika kifungo kimoja, akakizungusha kati ya vidole kama alivyozoea kufanya akikata nguo ngumu. Na fikira ikamjia.

"Boksi langu lilipakiwa lini?"

"La mwisho. Wewe si ndiye uliyelikumbatia mpaka dereva akapiga honi?"

"Basi lilishuka la kwanza."

"Naam! Na wapakuzi wakaliingiza ndani kabisa, wakaliweka pale pembeni, penye..."

Polepole mumewe akainama, akalitazama boksi alilolikalia, kati ya magoti yake.

"Simama," alisema Fundi.

Akasimama kama mtu aliyekalia kiti cha enzi kisicho chake. Fundi akachomoa sindano kubwa aliyoichomeka kolani, akaitafuta ncha ya selotepu kwa ukucha, akaichokoa, akaivuta. Kumbe nayo ni pindo tu! Na nani duniani alimzidi kwa kufumua? Mizunguko saba ikafumuka kwa mlio mmoja mrefu, na birika likatokeza liking'aa. Mumewe akapiga vigelegele, mwanamume mzima. Bomba la jikoni likakohoa mara tatu, likatema kutu, kisha likakumbuka kazi yake. Taa nyekundu ya birika ikawaka. Maji yakaanza kunong'ona.

"Hodi!"

Fundi akaganda, kijiko mkononi. Miaka kumi na mmoja, akitaka hata chumvi, yeye ndiye aliyekuwa akibisha na kusubiri mlangoni. Leo mlango ulikuwa wake.

"Karibu, Mama. Shikamoo."

"Marahaba." Matroni akaingia, akakagua kuta, akakagua vifungo, akamkagua mwanawe. Akapewa boksi la kukalia na kikombe mkononi, mvuke ukipanda. Akanywa.

"Sukari kidogo hii."

Mumewe akainama, akaanza kuokota vifungo.

"Kwangu ndivyo tunavyokunywa, Mama," Fundi akajibu kwa upole.

Matroni akakitazama kikombe kwa muda mrefu, akakimaliza, akakisogeza mbele.

"Haya, mwenye nyumba. Niongezee."

Basi andikeni, enyi wenye kalamu: saa kumi na dakika saba alasiri, katika sebule isiyo na kiti hata kimoja, Fundi Cherehani alimimina kikombe cha pili, wala halikumwagika hata tone.